Mwalimu Aliyezima Mishumaa

Saa mbili asubuhi, mwalimu wa matamshi Zlatina Kehayova anafunga mlango wa chumba chake na kumwacha pacha mmoja nje. Aliye ndani ni Neda, mwenye miaka sita na nusu. Aliye nje ni Yana, naye anapiga mlango kwa kiatu.

"Yana, ukiuvunja utaulipa," Zlatina anasema bila kugeuka.

"Lakini hutamwelewa!" Yana anapaza sauti.

"Ndiyo maana tuko humu."

Chumba hiki kilikuwa stoo ya magodoro ya chekechea ya Borinovo, mji mdogo katika milima ya Rodopi nchini Bulgaria. Mezani kuna kadi za picha, kinasa sauti na mabakuli mawili. Moja lina punje mia moja za maharagwe, jingine ni tupu. Kila Neda anapojaribu neno, punje moja inahamia bakuli tupu. Nusu saa ikiisha, punje za bakuli la kwanza ziwe zimekwisha.

Kinywani mwa Neda kila K hutoka T. Kwa Kibulgaria farasi ni "kon" na tani ni "ton". Neda anataka kadi ya farasi, anasema "ton", na Zlatina anampa kadi ya tani, yenye mzani na magunia. Neda anaikodolea macho kama mtu aliyepewa kiazi kibichi.

"Si hii!"

"Mimi ni muuza duka, bibie. Natoa nilichoombwa."

Neda anavuta pumzi, anarudisha ulimi nyuma na kujaribu tena. Inatoka. Farasi anafika mezani.

"Huyo hapo," anasema Zlatina. "Sasa niombe wengine."

Ni Jumatano ya mwisho ya Aprili. Zimebaki wiki tatu tu. Tarehe 20 Mei kamati ya watu watatu itamsikiliza Neda na kuamua kama Septemba ataingia darasa la kwanza na pacha wake, au atabaki chekechea mwaka mzima peke yake.

Tangu waanze kusema, Yana ndiye mkalimani. Neda akitaka maji, Yana husema. Neda akiumwa na sikio, Yana husema. Mama yao anapanga malimau kwenye masanduku huko Uhispania. Akipiga simu Jumapili, humsikiliza Neda kidogo, kisha husema, "Haya, nipe Yana aniambie."

"Mtoto huyu si mjinga," anasema Zlatina. "Masikio yamepimwa, ni mazima. Ulimi ni mzima. Sauti tu ndizo zimejipanga vibaya kichwani mwake, na tunaweza kuzipanga upya. Lakini zinapangwa kwa kusema. Hazipangwi kwa kupuliza."

Neno hilo la kupuliza lina historia yake.

Zlatina ana miaka 53, na kazi hii ya kurekebisha matamshi ya watoto ameifanya miaka 27. Miaka ishirini na moja ya kwanza aliifanya kama alivyofundishwa. Watoto walipuliza mishumaa, wakavuta maji kwa mirija, wakalamba jamu pembeni mwa midomo. Aliwasukuma ndimi kwa kijiti. Wazazi walipenda, maana waliona kitu kinafanyika. Moto unazimika, mtoto anacheka, baba anarudi nyumbani ameridhika.

Siku moja alikwenda Plovdiv kwenye mafunzo. Msichana mwenye umri wa kuwa binti yake alisimama mbele akaonyesha tafiti moja baada ya nyingine: kupuliza humfunza mtoto kupuliza, basi. Hakumpi sauti asiyokuwa nayo.

"Nilikasirika nikashindwa kula," Zlatina anakumbuka. "Nikasema, huyu mtoto wa juzi atanieleza nini? Nikarudi nyumbani nimepania kumuumbua."

Akachukua watoto kumi. Watano walipuliza, watano walifanya kazi ya maneno, kwa wiki kumi na mbili. Aliwarekodi mwanzo na mwisho, kwa maneno ambayo hawakuwa wameyafanyia mazoezi. Kanda akazituma kwa mwenzake wa mji mwingine azitie alama, bila kumwambia ipi ni ya mwanzo, ipi ni ya mwisho, wala mtoto yupi alifanya nini.

Majibu yalikuja kwa barua. Watoto wa maneno walikuwa wamesonga mbele, wote watano. Watoto wa mishumaa walikuwa karibu pale pale walipoanzia.

"Watoto kumi si wengi, najua," anasema. "Lakini tafiti kubwa zilishasema hivyo hivyo. Nilitaka kumshika yule msichana uongo, nikajishika mwenyewe."

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Badala yake aliwaita wazazi, akawaambia yote. Baba mmoja, fundi wa paa, alisimama.

"Kwa hiyo mwanangu amepuliza miaka miwili bure?"

"Ndiyo," Zlatina akajibu. "Bure. Kosa ni langu."

Chekechea humlipa euro 1,150 kwa mwezi. Zamani alijazia kwa watoto kumi na mmoja wa jioni, kila mmoja sawa na euro 20 kwa kipindi. Baada ya kikao kile saba waliondoka. Walimfuata mtu wa mji wa jirani anayekanda ndimi kwa kidude cha chuma. Mwaka ule Zlatina alipasha moto chumba kimoja tu cha nyumba yake.

"Nililala jikoni," anasema. "Si vibaya. Jikoni kuna chakula."

Nyanya wa mapacha, Bibi Sevda, naye aliingia na shaka zake. Siku ya kwanza, mwezi Januari, alitazama meza akaguna.

"Mwanangu, umeishiwa mishumaa? Tukuchangie?"

"Mishumaa ninayo, Bibi. Ya siku umeme ukikatika."

"Mimi tayari nimemnywesha maji kwenye kengele ya beberu." Milimani huku ndivyo wafanyavyo mtoto akichelewa kusema.

"Aliyanywa?"

"Yote."

"Vizuri. Maji ni afya. Sasa tufanye kazi."

Lakini aliposikia Yana atabaki nje, bibi alikuja juu. "Unawatenganisha watu waliolala tumbo moja?"

"Nusu saa tu, Bibi, mara tatu kwa wiki. Tumboni walilala miezi tisa, hawakuhitaji mkalimani."

Bibi alicheka bila kutaka. Tangu siku hiyo maharagwe ya kuhesabia yanatoka shambani kwake, na nyumbani yeye ndiye msimamizi. Kila jioni baada ya chakula, punje thelathini, Yana akiwa amepelekwa kulisha kuku. Bibi hajui kusoma kadi zote, lakini punje hazimpiti.

Januari, Neda alipata sawasawa maneno manne kati ya hamsini. Mwishoni mwa Aprili anapata ishirini na tisa. Zlatina haongezi hata moja. "Nikijidanganya mimi, atakayeumia ni yeye," anasema.

Tarehe 20 Mei, Neda aliingia peke yake kwenye chumba cha kamati. Bibi Sevda alimshika Yana kwa mkono mmoja kwenye korido, na kwa mwingine akamziba mdomo.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka 63, mtu mpole. Hakumwuliza Neda swali hata moja. Alimwambia atoe ulimi. Apulize karatasi. Kisha aguse pua yake kwa ncha ya ulimi.

Ulimi wa Neda ukakomea kwenye mdomo wa juu. Mwenyekiti akatikisa kichwa na kuandika.

Zlatina alikuwa ameketi ukutani, na hakuruhusiwa kusema. Akasema.

"Samahani, mwenyekiti. Wewe pua yako unaifikia?"

Mzee wa watu akafikiri, kisha akajaribu, mbele ya wote. Hakufika. Mama mjumbe aliyekaa kulia kwake akainamia makaratasi, mabega yakimtikisika.

"Na bado umefundisha miaka thelathini," Zlatina akasema. "Muulize mtoto jana alikula nini."

Akaulizwa. Neda akatazama mlango, kule aliko Yana. Mlango ulikuwa umefungwa. Akarudisha macho mezani, akaanza mwenyewe.

Alisema bibi alipika viazi kwa jibini. Alisema paka alipanda mezani akavila pembeni, na bibi akachukua ufagio. Paka kwa Kibulgaria ni "kotka", neno lenye K mbili, na Neda alilitaja mara tano. Mara moja lilimponyoka. Akasimama, akalirudia bila kuambiwa na mtu, likakaa.

"Na paka alipigwa?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana. Bibi hana mbio."

Safari hii mama wa kulia hakujificha, alicheka wazi. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akakata kwa kalamu yale aliyokuwa ameandika.

Barua ilifika baada ya siku sita. Darasa la kwanza, pamoja na pacha wake, na mazoezi yaendelee mara mbili kwa wiki.

Kazi haijaisha. S ya Neda bado inatokea kati ya meno, na akichoka K nazo huteleza. Mwezi Juni alipata maneno thelathini na nane. Wazazi watatu kati ya wale saba wamerudi, akiwemo fundi wa paa, na mtoto wake wa pili.

Zlatina ana mpango wa kupanda vijiji vya juu kila Jumamosi kuanzia Oktoba. Huko amehesabu watoto tisa ambao hawajawahi kusikilizwa na mtaalamu yeyote. Nyanya zao pia atawafundisha. Kwa Neda anataka jambo moja tu: kufikia Krismasi asimhitaji tena.

Anaeleza kilichomtokea mwezi uliopita kwenye duka la mikate. Muuzaji alikuwa msichana wa shule anayesaidia wakati wa likizo, mchangamfu, anabishana na wateja watatu kwa mpigo. Zlatina alimtambua mara moja. Mara tu baada ya kuacha mishumaa alikaa naye mwaka mzima, mtoto mdogo ambaye mama yake mzazi alikuwa hamwelewi.

"Alinifungia mkate, akaniambia nisisimame mlangoni, nawazibia watu njia," anasema. "Hakunijua kabisa. Nilitoka pale nina furaha, hata chenji nikasahau."