Sikuvaa Sketi ya Majani

Wifi yangu alinunua sketi ya majani ya plastiki katika duka moja mtaa wa Hamriya, hapa Maskati, akaniletea siku ya hina ya binti yake. Alishasikia kwamba najifunza hula, ngoma ya visiwa vya Hawaii, kwa jirani yangu wa mtaani kwetu Hail, mwanamke aliyezaliwa visiwa hivyo akaolewa huku.

"Vaa hii, utukatikie kidogo," akasema. "Watu wapate kucheka."

Nikamwambia sivai. Hakunitukana, lakini nilikasirika kama niliyetukanwa. Mwaka mzima jirani yangu amekuwa akinikemea kila ninapozidisha kiuno. Kiuno kinashika mapigo tu, maneno yako mikononi. Mkono ukishuka hivi ni mvua, ukipanda hivi ni mlima, na vidole vikijikunja ni mtu anamwita aliye mbali. Ukikosea mkono, umesema uongo. Bibi yake mwenyewe alikatazwa kuicheza, ikaitwa ya kishenzi, akawa anawafundisha wajukuu jikoni. Na huichezi mbele za watu mpaka aliyekufundisha akuruhusu. Mimi niliomba, nikaruhusiwa. Sasa niifanye kichekesho kwa kuwa watu wameshiba biriani?

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kochi, karibu na bi harusi. Ujanani kwake Unguja alicheza lelemama, ngoma ya kina mama wanaopanga mstari na kusema kwa mikono na mabega. Tangu kuhamia huku hajaicheza. Nikimuuliza sababu, hubadilisha mazungumzo. Kwa hiyo nilitaka sana aione hula jinsi ilivyo, asione plastiki.

Nikasimama na dera langu refu, miguu mitupu, msichana mmoja akanifungulia wimbo kwenye simu, nikaanza. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyeacha kwao. Wanawake wakangoja kiuno, kiuno hakikuja. Mmoja akauliza kwa Kiarabu kama ninafukuza nzi, ukumbi mzima wa wanawake ukaangua kicheko.

"Kaa basi, wifi," akasema mwenye shughuli. "Unatutia aibu."

Nikamwomba yule msichana aliyeshika muziki aurudishe wimbo mwanzo. Akanitazama, akaurudisha. Nikacheza tena yote, mvua, mlima, na yule anayeitwa, polepole kuliko mara ya kwanza, nikiwatazama usoni mmoja mmoja. Wengine waliendelea kucheka. Wengine waliacha, na hao sikuwa nikiwachezea wala sikuwashukuru. Nilipomaliza nilikwenda kunywa maji. Wifi hajanipigia simu mpaka leo, na mimi simpigii.

Mama akaniashiria nikae kando yake. Akaushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu.

"Mie walinicheka mara moja tu, mwanangu," akasema. "Nami nkaacha."