Makofi Yangu na Tai wa Mbizi

Leo nimevunja sheria ya kazi kwa sababu ya adabu tu!

Kazi yangu ni kuangalia wanyama katika msitu wa Mbizi na kuandika ninachoona. Kuingilia ni marufuku.

Asubuhi namwona tai mkubwa anamvizia mbega aliyekumbatia mtoto.

Mbega analindwa kisheria. Tai naye analindwa, na ana kinda kiotani.

Nikajibanza kimya. Roho inaniuma, jamani.

Mara akatokea bibi mmoja na kikapu cha uyoga. Mimi Mfipa, nimelelewa: kwetu mkubwa husalimiwa kwa goti na makofi. Nikapiga goti, nikapiga makofi: "Shikamoo bibi!"

Pa! Pa! Pa!

Tai akashtuka, akaruka zake. Mbega wakatokomea.

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unatazama juu?"

Nikamwonyesha kiota. Nilikuwa nimemnyima kinda chakula!

Nikakodolea kiota macho saa nzima. Ndipo tai akarudi kwa kinda wake, pimbi kwenye kucha.

Nimepumua, nyie!

Daftarini nimeandika: "Tai amemkosa mbega."

Mkuu wangu akiuliza sababu, nitamwambia ukweli. Au mlitaka nimkaushie bibi wa watu?