Mlima Usio na Uhakika wa Theluji

Mwanangu, wewe uliye mbali na kwenu, iko siku moja ambayo hunijia kila nikiona maji yaliyoganda. Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Magu, nimepata kibarua cha kuvunja barafu mwaloni, pale boti za samaki zinaposhusha, wakati viwanda vya sangara vinaanza kushamiri hapa Mwanza. Barafu sikuwa nimewahi kuigusa. Ilinishika vidole kana kwamba tuna ugomvi. Basi Jumamosi nikafunga bonge moja kwenye kanga kuukuu, nimpelekee mama aione. Mzee Mabula, msimamizi wetu, akanikuta nangoja basi.

"Umebeba nini?"

"Barafu, mzee. Ya mama."

"Mama yako amekwambia anasikia joto?"

Nikaikaza ile kanga kifundo.

"Tangu watu wapande pamba hujakanyaga kwenu, leo unampelekea maji. Yule mama anataka sura yako, we mjinga."

Nikapanda basi hivyo hivyo. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilipona, ila nilishuka Magu suruali imelowa mahali pabaya na abiria wanacheka. Mama wala hakuitazama kanga. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akauliza mbona nimekonda.

Haya, ya barafu ni mengi, na mimi nikianza kuongea ni kama ng'ombe aliyekata kamba. Nilitaka kukueleza ya theluji.

Mwanangu wa kwanza, Lameck, anaishi Uswisi, anafanya kazi hospitali. Ameoa huko, ana watoto wawili. Yule mdogo amempa jina la mke wangu, Nyanzala. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, analetwa, mwenye jina ampakate na kumtamkia baraka. Huyu hajaletwa. Kila mwaka tunaambiwa Desemba tutakuja, na Desemba ikifika wanapanda milimani kuteleza kwenye theluji. Mke wangu naye moyo unamsumbua, daktari amemkataza ndege. Kwa hiyo wasipokuja wao, hawataonana. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hilo sihitaji mwalimu wa kunieleza.

Mwaka jana Lameck akapiga simu. "Baba, safari hii uje wewe. Kuna sehemu mbili za kuteleza, watoto wanagombana. Nimewaambia babu yao ndiye ataamua."

Akatuma picha. Ya kwanza ni mlima mrefu, hoteli zimepangana, watu wamejaa kama mnada wa ng'ombe. Huko, alisema, theluji haikosekani. Ya pili ni kijiji cha nyumba za mbao, chini chini, pazuri na pametulia, ila miaka hii theluji yake haina uhakika. Isipoanguka, watu hufunga mizigo wakaondoka.

Mke wangu aliichukua simu, akaiweka mbali na macho kama anavyofanya akisoma Biblia.

"Na hizi mbao miguuni?"

"Za kutelezea."

"Wanateleza makusudi?"

"Makusudi, na wanalipa."

"Sisi hapa Mkolani mvua ikinyesha tunateleza bure, na hakuna anayetupiga picha."

Tukacheka. Halafu nikaona anaikuza picha kwa kidole. Mlima ukatoka, hoteli zikatoka, akabaki mjukuu wetu mdogo mwenye kofia nyekundu. "Meno ya mbele yameshaota," akasema, akanirudishia simu, akaenda kugeuza dagaa waliokuwa juani.

Mwanangu, njia mbili zilimshinda fisi, na mimi si mjanja kuliko fisi. Nilikaa na zile picha siku kadhaa. Mlima mrefu ulipendeza. Nikijiona nimevaa koti kubwa, wajukuu wamenishika huku na huku, moyo ulikuwa unakwenda wenyewe. Lakini kila nikiingia jikoni namkuta yule aliyekatazwa ndege.

Jumapili, tumetoka kanisani, Lameck akapiga ile simu ya kuonana. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, nyuma yake dirisha, nje kumekuwa kweupe kama pamba iliyokosa wachumaji.

"Shikamoo, Baba. Umechagua?"

"Marahaba. Nimechagua kile kijiji cha chini."

Akacheka. "Kule theluji inaweza isianguke kabisa, Baba."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Isipoanguka mtakuwa mmeshafungasha na hamna pa kwenda. Basi njooni huku. Mama yako hajampakata mwenye jina lake, na hali ya moyo wake unaijua."

Alitazama chini, akajifuta uso kwa kiganja. "Ngoja kidogo, Baba," akasema, akainuka, akatoka.

Nikangoja. Kiti kikabaki, na dirisha. Mke wangu akaja akasimama nyuma yangu, mikono inanuka dagaa. "Yuko wapi?" Nikamwambia ametoka kidogo. Tukakitazama kiti. Bando lilikuwa linakwisha, nikaona bora niseme niliyokuwa nayo, kiti kisikie, nawe uliye mbali na kwenu usikie.

Nikasema: mwanangu, mzazi akiulizwa achague kati ya viwili unavyovitaka wewe, atachagua, maana anakupenda. Usidhani umemuuliza. Muulize kwanza yeye anatamani nini, kisha unyamaze, maana hatasema haraka. Picha tunazipokea, tunashukuru, lakini picha haipakatiki. Kupumzika ni haki yako, milima nayo Mungu aliiumba itazamwe, ila itakuwepo mwaka mwingine na mwingine tena. Sisi hatuna ahadi hiyo. Na wewe mzee mwenzangu, usifanye kama mimi, kuweka tumaini kwenye theluji isianguke. Sema mapema unachotaka, kabla mtoto hajakata tiketi.

Mungu akulinde uendako, akuepushe na kuanguka, watoto wako wakue warefu, na siku utakapokumbuka njia ya kwenu ukute mlango uko wazi na kuna mtu ndani wa kukuitikia hodi.

Lameck hakurudi pale kitini mpaka bando likakatika. Amina tuliiitikia sisi wawili, mimi na mama yake.