Nilimwacha Achomeke Ule Waya

Msinitafutie sababu. Mi mwenyewe nimeshazitafuta zote na hakuna hata moja inayosimama. Nilimharibia mtu kazi yake kwa makusudi, tena bila kumgusa. Nimechoka kulibeba hili, njo maana naandika.

Mi ni mtu wa Bukavu, mpiga picha. Nilikuwa na studio ndogo mtaa wa Area 25, pale Lilongwe. Halafu ikatoka amri kwamba wakimbizi turudi kuishi kambini Dzaleka. Nikafunga mlango, nikarudi na kamera yangu na taa mbili kubwa za flashi, za zamani, za wakati wa filamu.

Kambini nakuta nini? Mwanafunzi wangu ameshakuwa bosi! Nitamuita Odette, ingawa si jina lake. Mrundi, mama wa batoto wawili. Mi njo nilimfundisha kushika kamera kabla sijahamia Lilongwe. Sasa ndoa zote ni zake, ubatizo ni wake, kwaya ni zake. Bantu wanapita mbele ya mlango wangu wakienda kwake, wananisalimia vizuri, wanapita. Yeye aliniheshimu bado, akiniita yaya, kama mtu anavyomuita kaka yake mkubwa. Lakini heshima hailiwi na nsima, ule ugali wa huku. Nilijiambia hivyo kila asubuhi. Wivu, jamani!

Karibu na Pasaka kanisa lao likapanga ubatizo mkubwa. Odette akaja kuomba nimuazime zile taa.

"Yaya, kwa siku moja tu. Kanisani mule iko giza sana."

"Chukua," nikasema.

Akaugeuza mkononi ule waya unaotoka kwenye taa kwenda kwenye kamera. "Na huu nauchomeka tu kwa kamera? Haina shida?"

Hapo njo penyewe. Nilijua! Taa nyingi za zamani zinarudisha umeme mkali kupitia ule waya. Kamera za filamu zilivumilia. Za dijitali, nyingi hazivumilii. Fundi redio mmoja wa Area 25 alishanipimia taa zangu, mshale wa mita ukaruka, akaniambia nisithubutu. Tangu hapo nilitumia kifaa kidogo cha redio: kipande kimoja juu ya kamera, kingine kwenye taa, flashi inawaka bila waya wowote kati yao. Na kifaa hicho kilikuwa mfukoni mwa suruali yangu. Nilikuwa nakigusa kwa vidole wakati ananiuliza!

"Chomeka tu," nikamwambia. "Haina shida."

Akasema merci, akaenda.

Picha za kwanza zilitoka nzuri, bantu walinisimulia. Halafu kamera ikazima, batoto wako ndani ya nguo nyeupe, wazazi wamepanga mstari wanasubiri. Haikuwaka tena. Odette akaniletea imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mgonjwa.

"Yaya, nimefanya nini?"

Nikaigeuzageuza, nikatikisa kichwa. "Pole, dada. Labda ilikuwa imeshazeeka."

Eh Mungu wangu! Ulimi huu!

Fundi wa Lilongwe akaifungua, akasema imeungua ndani, haitengenezeki. Bateja wakarudi kwangu. Na nilikula vizuri, nisidanganye.

Bwana yake Odette alimwambia mashini si kazi ya mwanamke, awaachie wanaojua. Akaanza kuuza usipa, vile visamaki vikavu, soko la Mponela. Mahindi yakavunwa, yakapandwa tena.

Siku moja nimetoka kupiga picha za ndoa Mponela, nikamuona amekaa nyuma ya beseni lake. Nilitaka kupita. Akaniita. Akanifungia usipa kwenye gazeti, akakataa nilipe. Halafu akauliza, sauti ya chini:

"Yaya, we njo mwalimu wangu. Niambie ukweli. Siku ile nilikosea wapi? Naifikiria kila siku. Labda kuna kitu niligusa?"

Nikachuchumaa pale kwenye vumbi nikamwambia yote, mpaka kile kifaa cha mfukoni.

Mteja mmoja akauliza bei kwa Chichewa, Odette hakumgeukia hata.

"Kumbe mi sikuwa mjinga," akasema.

"Hapana. Ni mi niliyekosa."

"Mwaka mzima naomba bwana yangu msamaha kwa ile kamera." Akaanza kufunika beseni. "Twende. Utamwambia we, kwa kinywa chako."

Nikasema nitakuja Jumapili.

"Leo," akasema.

Njia nzima hadi Dzaleka hakuniangalia. Bwana yake, anayebeba abiria kwa kabaza, alikuwa mlangoni anaziba tairi la baiskeli. Nikamwambia haraka haraka, macho chini.

"Rudilia," Odette akasema. "Polepole, asikie vizuri."

Nikarudilia. Majirani wakatoka. Odette akanirudisha mwanzo tena, nikasema tena. Aibu gani ile! Bwana yake aliacha tairi, akashindwa kumtazama mke wake. Mwishowe akasema, "Mama, unisamehe." Odette akampita, akaingia ndani na beseni lake.

Kesho yake nikapeleka kwao kamera yangu, taa, na kifaa cha redio. Alivipokea. Hakusema merci, na sikuingojea. Leo anapiga picha tena. Mi nafyatua matofali ya bantu, mgongo hauna ruhusa ya kuuma. Kanisani nikikaa, benchi linabaki wazi. Tukikutana, ananiambia "bonjour, monsieur," kama mtu asiyenijua.

Ndugu zangu mnaopiga picha, nawaomba. Taa ya zamani msiichomeke kwa waya kwenye kamera ya dijitali kabla fundi hajaipima, na kabla hamjasoma kwenye kitabu cha kamera inabeba volti ngapi. Bora redio, nayo hakikisha inabeba umeme wa taa ile. Au kama taa ina jicho la kuhisi mwanga, acha flashi ndogo ya kamera iiamshe. Kama hujui, uliza.

Na we unayeulizwa, wivu ukikukaba koo, toa jibu kwanza, halafu nenda ukalie wivu wako nyumbani. Mi nililimeza lile jibu, na mpaka leo halijashuka.