Mwana wa Daudi kwa Upande Gani?

Nyie vijana mtakaosoma haya, someni mpaka mwisho ndipo mbishe. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kubisha sikufundishwa na mwalimu.

Kwetu huku Mgeta mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba analipata kwa mama. Baba anatoa kitu kimoja: mtala, yaani jina la upande wake, na watoto wake wote wanaitwa kwa jina hilo. Asiye na mtala si kwamba hana ndugu, ila watu hawajui wamwite nani.

Mwanangu wa kiume alioa mwanamke mwenye binti mchanga mgongoni. Baba wa mtoto alikwenda bondeni kukata miwa, akanogewa huko, hakuonekana tena. Binti nimemlea mimi. Anapalilia karoti vizuri, na nikimtuma haulizi mara mbili. Baada yake wakazaliwa wengine watatu. Juzijuzi akafikia umri wa Kipaimara, ikabidi akaandikishwe kwa katekista. Siku hiyo tulikuwa uani tunamenya njegere, wadogo zake wakaanza.

"Utaandikwa nani? Sisi tuna mtala wa baba. Wewe ni wa kufikia."

"Nitaandikwa jina langu la ubatizo. Linatosha."

"Jina moja kama mbuzi?"

Niliwakemea, wakarudi kwenye njegere. Lakini jioni binti akanijia jikoni, akasema, "Bibi, mimi nisiandikishwe kabisa."

Nikamwita mwanangu. Akakuna kichwa. "Mama, mtala unafuata damu. Nikimpa wangu, watu watasema nimepora mtoto wa mwanaume mwenzangu."

Nikamwambia nimesikia. Kusikia si kukubali.

Wiki hiyo jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwangu. Ilikuwa Majilio, Krismasi inakaribia, mvua inanyesha, tumebanana ndani na masweta yetu. Somo lilikuwa lile la mababu wa Yesu, fulani akamzaa fulani, mpaka mtani wangu akaanza kukoroma. Huyu mtani ni mama jirani. Koo zetu zinataniana tangu zamani. Adabu hana, na kwangu haruhusiwi kuwa nayo.

Katekista wetu ni mtu wa Kagera, mwalimu mstaafu, mpole. Akatueleza kwamba Yesu anaitwa Mwana wa Daudi kwa sababu Mungu alimwahidi mfalme Daudi kuwa mmoja wa uzao wake atatawala milele. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, ni Mwana wa Daudi kwa upande gani? Hawa mababu wote wameishia kwa Yosefu. Yosefu ni mume tu. Ukoo ni wa Maria."

"Kweli kabisa!" wanawake wakaitikia.

"Bibi, kwetu sisi mtoto ni wa baba."

"Haya, ni wa baba. Yosefu alimzaa?"

"Hakumzaa."

"Basi kwenu hapiti na kwetu hapiti. Huyo Daudi anaingilia mlango upi?"

Mtani wangu akazinduka. "Dirishani!"

Tulicheka mpaka katekista akavua miwani kufuta machozi. Alipotulia akasema, "Bibi, umenibana, lakini sikiliza. Malaika alimtuma Yosefu mambo mawili: amchukue Maria, na mtoto ampe jina yeye mwenyewe. Kwa watu wale, mwanamume akimpa mtoto jina, amemkubali, ni wake. Yosefu ni wa nyumba ya Daudi, basi na mtoto ni wa nyumba hiyo. Wala si jina la pambo. Vipofu walimwita hivyo njiani wakitaka huruma. Yule mama Mkanaani, mgeni kabisa, alimwita hivyo kwa ajili ya binti yake mgonjwa. Mwana wa Daudi ni yule ambaye mwenye shida akiita, lazima ageuke."

"Kumbe Yosefu alitoa mtala!" mtani wangu akapaza sauti. "Damu si yake na akatoa! Mtani, wanaume wa nyumba hii wao wanaumwa nini?"

Ningesema mimi, ingekuwa ugomvi wa mama na mwana. Mtani hasusiwi. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akatazama sakafu, kisha akamtazama binti aliyekuwa anagawa vikombe.

"Mwalimu," akasema, "huyu mwandike kwa mtala wangu."

"Baba, umesema mbele ya mashahidi," katekista akamjibu.

"Na hakuna kurudisha!" akadakia mtani.

Binti akaviweka vikombe chini, akatoka nje kwenye mvua bila hata khanga kichwani. Nilimsikia anacheka peke yake huko.

Mdogo wake mmoja akanong'ona, "Lakini bado si damu ya baba."

Nikasimama. Nikawaambia wale watatu wazi: ukoo wenu na wake ni mmoja, wa mama yenu, tangu mzaliwe. Tukianza kuhesabu ukoo hapa, mgeni ni mimi, maana wangu ni mwingine. Sasa na mtala ni mmoja. Kuanzia leo neno la kufikia lisisikike chini ya bati hili. Mwiteni dada yenu kwa mtala wake, kwa sauti, ng'ambo ya bonde wasikie. Na chai, mtoto wa kwanza wa baba yenu apewe kwanza.