Kibanio Changu Ubaoni

Ndege yangu niliitengeneza kwa mkonge, na sioni haya kusema hivyo. Wenzangu wa klabu ya kurusha ndege ndogo walikuwa na glaida za dukani zilizotoka ng'ambo ndani ya masanduku, mbawa nyeupe zinang'aa kama sahani za wageni. Mimi nilikuwa mwalimu wa sanaa na ufundi katika shule ya msingi karibu na Runyenjes, na mti mwepesi nilioujua ni ule wa kwetu Mbeere: mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza katikati ya mmea ukizeeka. Ukikauka, mtoto wa darasa la kwanza anaubeba kwa mkono mmoja. Baba aliutumia kujengea zizi la mbuzi. Mimi niliupasua, nikaupiga randa, nikaunda mbawa mbili, nikazivika karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari, na juu yake nikapaka nta ya mizinga ya baba. Nilizifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli nilivyonunua soko la Gakoromone, mjini Meru. Ilinukia asali, na niliipenda kupita kiasi.

Glaida haina injini. Unairusha kwa mkono kutoka ukingo wa mlima, upepo unaopanda mteremko unaibeba, na wewe unaiongoza kwa rimoti. Ndio mchezo wetu wote huo, watu wazima na akili zetu, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka ile ya tisini.

Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu aliyezoea kuamuru na kutiiwa, hakutaka kuiona.

"Mwalimu, hiyo ni kuni," aliniambia siku ya kwanza. "Ipeleke jikoni ichemshe githeri."

Watu walicheka, nami nikacheka. Aliporudia mara ya tatu sikucheka tena. Nilimwambia kuni yangu inaruka, na yeye akaniambia tutaona. Wiki iliyofuata kamati ikaamua bila kuniuliza: siku ya mashindano ya mwisho wa mwaka, ndege yangu imalize raundi kumi kama za wengine. Ikishindwa, nitoke kwenye klabu, ati ninahatarisha mali ya watu.

Kutoka kwenye klabu hakukuwa jambo dogo. Kibali cha kutumia rimoti kilikuwa cha klabu, na mteremko pekee wenye upepo wa maana niliowahi kuufikia ulikuwa huo wetu, mgongo wa mlima nje ya mji wa Meru unaotazama uwanda wa Isiolo. Nikifukuzwa, glaida yangu ingebaki pambo la ukutani. Nadhani walitarajia niondoke mwenyewe kwa aibu. Hawakunijua.

Sasa, kuna kitu kimoja lazima nikieleze. Rimoti za siku hizo zilikuwa na chaneli zenye namba, na wawili wakiwasha kwa namba moja, ndege iliyo angani inapoteza mwelekeo na kuanguka. Kwa hiyo tulikuwa na ubao umepigiliwa kwenye nguzo ya ua, umeandikwa namba zote, na kila mwanachama alikuwa na kibanio cha nguo chenye jina lake. Kabla ya kuwasha, unabana kibanio chako kwenye namba yako. Ukikuta cha mwenzako kipo, unangoja. Anayebana ndiye anayebandua, hakuna mwingine. Hiyo ndiyo sheria ambayo hata mlevi wa klabu hakuwahi kuivunja.

Siku ya mashindano upepo ulikuwa wa kukunyang'anya kofia. Njia ilikuwa kati ya mistari miwili, kama hatua mia kutoka mmoja hadi mwingine, sambamba na ukingo. Kwenye mstari wa karibu palikuwa na mtu wa filimbi. Kwenye ule wa mbali alisimama mama mwenye shamba tulilorushia, mjane wa Kimeru aliyetuona sote wapumbavu ila kazi yake akaifanya kwa makini kuliko kamati nzima. Pua ya ndege ikivuka mstari, alipiga sufuria kwa mwiko, na rubani akajua ageuze. Kwenda na kurudi ni raundi moja.

Zamu yangu ilipofika nilibana kibanio kwenye namba yangu, nikawasha, nikairusha. Niliogopa, sitadanganya. Filimbi, sufuria, filimbi, sufuria. Ile karatasi ya kaki ilikuwa inavuma. Raundi ya tano nikaacha kuogopa. Raundi ya sita nikaanza kujisikia bora kuliko watu, jambo ambalo si zuri lakini lilikuwa tamu.

Ya saba, upepo ukakata. Ndege ikazama chini ya ukingo. Mimi niliyesimama ukingoni niliiona vizuri, inaelea chini polepole, inatafuta hewa. Waliokuwa nyuma kwenye ubao hawakuiona tena.

"Basi, imekwisha," nilimsikia mwenyekiti akisema, na watu wakacheka. Sikugeuka. Nilishika rimoti, nikangoja. Upepo ukarudi, ukaiinua mpaka juu ya vichwa vyetu, na kicheko kikakatika. Raundi ya nane ikaisha kwa filimbi.

Halafu ikakataa kunisikia. Nilivuta kushoto, ikaenda kulia. Nilivuta juu, ikainama. Ikaja kwenye nyasi za mteremkoni kwa pua, na mbawa zikaruka huku na mwili kule.

Nilishuka mbio. Tyubu ya baiskeli ilikuwa imeachia, kama nilivyopanga iachie, kwa hiyo mbawa zilikuwa nzima. Pua tu ndiyo ilikuwa imepondeka. Nikapanda na vipande vyangu mkononi, nikamkuta daktari wa meno wa mjini, mwanachama mwenzangu ambaye namba yake ilikuwa sawa na yangu. Uso umemsawijika.

"Mwalimu, ni mimi niliyewasha," alisema mbele ya wote. "Nilikuwa nimeinama nikiandaa ndege yangu, nikaangalia ubao. Namba ilikuwa wazi."

Nikatazama ubao. Kweli, ilikuwa wazi.

"Kibanio changu kiko wapi?" niliuliza.

Nikauliza tena, nikimtazama mwenyekiti. Akatia mkono mfukoni polepole, akakitoa.

"Nilidhani ndege imeshaanguka, nikakibandua," alisema. "Hata hivyo, sheria ni raundi kumi, na wewe umefika nane."

Hasira niliyoisikia siku hiyo sijawahi kuisikia tena. Ningeweza kumtukana kwa Kimbeere, na nina matusi mazuri ya Kimbeere. Badala yake niliketi kwenye nyasi, nikatoa kisu, nikachonga ile pua iliyopondeka, nikaizungushia tyubu mpaka ikakaza. Nikafunga mbawa. Watu wote walikuwa wakinitazama.

"Narusha tena," nilisema.

"Kamati haijakubali," akasema mwenyekiti.

"Zamu inayofuata ni yangu," akasema daktari wa meno. "Nampa mwalimu."

Mwenyekiti alifungua kinywa kujibu, lakini mama mwenye shamba alikuwa ameshageuka. Alikuwa anatembea kurudi kwenye mstari wake na sufuria mkononi, na shamba lilikuwa lake. Akasimama pale, akainua mwiko.

Mzee alininyooshea kibanio. Sikukipokea.

"Hapana, mzee," nilimwambia. "Kirudishe ulikokitoa."

Mzee akatembea mpaka kwenye nguzo, akakibana kwenye namba yangu, mbele ya klabu nzima. Daktari wa meno akaenda kusimama kando ya ubao, mikono amefunga kifuani.

Nikarusha. Nilihesabu kila mlio wa sufuria kwa sauti, na kufikia raundi ya saba nilisikia wengine wakihesabu pamoja nami. Pua ilikuwa nzito, ndege ilikuwa inayumba, na muda wangu ulikuwa mbaya kuliko wa wote walioshindana siku hiyo. Filimbi ya raundi ya kumi ilipolia, niliishusha kwenye nyasi karibu na miguu yangu, nikazima rimoti. Kisha nikaenda ubaoni, nikakibandua kibanio mwenyewe.