Friji la Bi Hafidha

Ghalib bin Seif alisimama barazani kwao Ndagoni, siku ya arobaini ya mama yake, akasema mbele ya watu waliokuja kusoma hitma kwamba Mwanamkuu ndiye aliyemuua Bi Hafidha. Alisema mwanamke huyo alizima gesi ya friji, dawa ya mzee ikaharibika, mzee akafa. Haikuwa kweli. Alimlisha yamini, kiapo cha msahafu, kwa jambo ambalo hakulitenda, na alipokwisha kuila, hakumwamini. Hilo ndilo kosa, na litajwe kwanza kabla ya mengine.

Mwanamkuu alikuwa mkwe wa nyumba ile kwa miaka ishirini na mitatu. Aliolewa na Haitham, mdogo wake Ghalib, akiwa hajui kusoma wala kuandika jina lake, na mpaka leo hajui. Alichojua ni kupika. Ndagoni nzima hakukuwa na harusi wala msiba uliopikwa wali bila yeye kuitwa. Sufuria la kilo hamsini alilisikiliza tu linavyotokota, akajua kama maji yametosha, na wanawake waliomzidi umri walimwachia mwiko bila kinyongo.

Haitham alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuja kuhesabu papa potwe. Mzungu yule alikuwa na gari la kulala, kuukuu, lenye kitanda, jiko dogo na friji humo humo ndani. Alipoondoka alimwachia Haitham. Mwaka wa pili injini ikafa. Mwaka wa nne Haitham naye akafa, kwa homa ya siku tatu, na kabla hajakata roho alisema gari ni la mke wangu. Mama yake alisikia. Ghalib alisikia.

Gari likabaki uani, matairi yamekaa chini, kuku wakitaga uvunguni. Lakini friji lake lilikuwa zima. Lilikwenda kwa gesi, kwa kimoto kidogo cha bluu kilichowaka kwa nyuma, na hilo ndilo lililowafaa, kwa sababu umeme ukikatika Ndagoni huweza kukaa siku mbili haujarudi. Bi Hafidha alikuwa na sukari ya kudungwa sindano. Insulini yake ikawekwa mle. Asubuhi na jioni Mwanamkuu alipanda vidaraja viwili vya gari, akatoa kichupa, akavuta dawa mpaka kwenye mstari ambao nesi alimwonyesha kwa kidole. Tarakimu za ule mstari hakuzijua, aliukariri kwa macho tu. Miaka sita hakuruka hata siku moja. Bi Hafidha alikuwa akimtania, "Wewe mwanangu ungesoma, ungetuua wote kwa kiburi."

Kisha Ghalib akawa anamwoza binti yake, Shadya. Palitakiwa nafasi uani ya kufunga turubai, na gari lilikuwa katikati. Ghalib akaamuru lisukumwe. Mwanamkuu alimwomba liwekwe upande wa kisima, penye ardhi tambarare na karibu na chumba cha mzee. Ghalib alisema upande ule watapita wageni, hataki waone mabati ya mzungu. Wanaume kumi wakalisukuma nyuma ya minazi, ardhi inapoanza kuteremkia bondeni, wakatia mawe chini ya matairi, wakarudi kunywa maji. Tangu siku hiyo Mwanamkuu alipoingia mle alitembea kama anayepanda kilima, na vikombe rafuni vikajikusanya vyote pembeni.

Siku ya tatu akashika kichupa, kikawa na joto la mkono. Akainama kutazama nyuma, moto unawaka. Akaenda kwa Ghalib, aliyekuwa akipokea viti vya kukodi, akamwambia friji halipoi. Ghalib hakugeuka. Alisema ameacha gesi iishe, abadilishe mtungi. Akabadilisha. Moto ukawaka vizuri zaidi, na baridi haikuja.

Akarudi tena. Aliomba apewe pikipiki apeleke dawa Kilindoni, kwenye duka lolote lenye friji. Ghalib alijibu kwamba pikipiki zote zinabeba wageni kutoka uwanja wa ndege. "Harusi ni siku mbili, Shemeji," alisema. "Dawa haifi kwa siku mbili." Ila alimtuma fundi wa redio aje atazame. Fundi yule alitia sikio kwenye mlango wa friji kama anayesikiliza mapigo ya moyo, akasikiliza sana, kisha akasema mota imekufa, maana friji lisilonguruma ni kabati. Akala pilau yake, akaenda zake. Miaka sita friji lile halijawahi kunguruma hata mara moja, na Mwanamkuu alimwambia hivyo, lakini nani amsikilize mwanamke mbele ya fundi.

Alichoweza alifanya. Alitia vichupa kwenye mtungi wa udongo wenye maji, akauzungushia kitambaa kibichi, akauweka penye upepo. Lakini vilikwisha kukaa siku kadhaa kwenye joto la kaskazi, ndani ya sanduku la bati. Bi Hafidha akaanza kuwa na kiu isiyokatika. Harusi ikapita, watu wakasifu wali. Siku ya tisa tangu gari lisukumwe, mzee akawa hatambui mtu, wakamkimbiza hospitali. Siku ya kumi na moja walimrudisha amefunikwa.

Siku ya arobaini wanaume walikaa barazani na wanawake ndani. Mwanamkuu alikuwa jikoni, mwiko mkononi, alipoitwa aje mlangoni. Alisimama kwenye kizingiti, buibui limejaa majivu. Ghalib alisema maneno yake. Alisema gesi ya mama yake ilipelekwa kupikia, ili bibi huyu asifiwe kwa upishi wake. Sheikh Abubakari, aliyeongoza hitma, alisema kwa upole kwamba jambo zito kama hili lina njia yake, nayo ni yamini, na Ghalib akataka iliwe pale pale. Mwanamkuu akaenda kutia udhu, akarudi, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba mkono wake haukuzima gesi ile wala hakuitoa mle kwa sababu yoyote.

Yamini ikishaliwa, maneno hukoma. Ndivyo walivyolelewa wote pale. Ghalib alicheka puani, akasema, "Na mwongo ana mkono." Hakuna aliyemkemea. Watu walitazama mikeka. Sheikh alifunga msahafu akauingiza katika mfuko wake wa kitambaa, taratibu, akauliza kama chai iko tayari.

Kesho yake Ghalib alimwambia achukue gari lake na aende nalo. Haruni, kaka yake Mwanamkuu, alilivuta kwa trekta la kukodi mpaka kwenye kiwanja chake, upande wa pili wa kijiji, na Mwanamkuu akahamia humo. Hakuitwa tena kupika. Msibani alipokwenda kushika mwiko, mwanamke mmoja alimwambia, mbele ya wenziwe, "Wewe kaa, dada, tusije tukazimiwa moto." Wakacheka kidogo, si sana, kwa kuwa ulikuwa msiba. Friji lile hakuliwasha tena. Alitia kanga zake humo, na udi kidogo, akafunga mlango.

Lakini watu hawakumuumiza kama alivyojiumiza mwenyewe. Mwaka wa kwanza alikuwa na hakika. Mwaka wa pili, akilala kwenye kitanda kile chembamba adhuhuri, alianza kujiuliza. Pengine nguo yake iligusa kifungo alipokuwa akiinama. Pengine mtungi ule wa pili alikosea kuufunga. Mtu asiyesoma hukosea vitu asivyovijua. Na kama alikosea, basi aliapa uongo juu ya maneno ya Mwenyezi Mungu. Akawa anasali, akimaliza anarudia tena, hajui kama imekubaliwa.

Njaa ndiyo iliyomrudisha kwenye friji. Kwa kuwa hakuitwa kupika, alitaka auze juisi ya ukwaju na barafu kwa watoto wa shule. Haruni akamwitia Sohail, fundi wa mafriji wa Kilindoni, mtoto wa Hasanali mwenye duka la vyombo. Akaja na pikipiki, sanduku la zana limefungwa nyuma.

"Shikamoo mama. Lipi bovu?"

"Marahaba. Hilo. Mota yake imekufa."

Sohail aliinama, akatoa kibati cha nyuma, akatazama mabomba, akaanza kucheka taratibu. "Nani kakwambia? Hili halijazaliwa na mota, mama. Hili linapika baridi."

Mwanamkuu alidhani anamdhihaki. Lakini kijana yule alikaa chini kwenye mkeka, akamweleza kama mtu anayeeleza mapishi. Humo bombani mna maji ya dawa. Moto unayachemsha, mvuke unapanda juu, unapoa, unashuka tena kwa uzito wake mwenyewe, na katika kushuka huko ndiyo baridi inapatikana. Hakuna kinachosukuma. Akanusa mabomba, akasema yangekuwa yametoboka angesikia harufu kali kama mkojo wa siku nyingi, na angeona unga wa manjano. Hakuna. Friji ni zima ila limeziba.

Walilichomoa, yeye na Haruni, wakalitoa nje mlangoni kwa kuliinamisha. Sohail akalipindua kichwa chini miguu juu, juu ya gunia, akaliacha hivyo mpaka kesho yake. Majirani walipita wakauliza kama ndiyo matibabu ya hospitali mpya. Asubuhi akaja, akaligeuza, akalisimamisha lipumzike, akalirudisha mahali pake. Kabla hajawasha alitoa pima maji kama ya waashi, akaiweka ndani ya friji, akatazama kile kipovu. Akaomba vipande viwili vya mbao, wakavitia chini ya tairi la kushoto, kipovu kikakaa katikati.

"Mbona unapima kama unajenga msikiti?" Haruni aliuliza.

"Hili lazima likae kama sahani yenye mchuzi," Sohail alisema. "Likilala upande, maji yanakwama kona mbaya hayarudi. Moto utawaka mpaka kiama, baridi huioni. Hivi lilipata kuwekwa mteremkoni?"

Mwanamkuu alikaa kwenye kidaraja cha gari. Kisha aliinua kiganja chake, akakilaza kama ardhi ya nyuma ya minazi ilivyokuwa, akamwonyesha. Sohail alikitazama kile kiganja.

"Hivyo? Siku ngapi?"

"Sita nilizoliwasha. Na moto unawaka."

"Basi hapo hata mzungu aliyelitengeneza asingelipoza, mama."

Aliwasha. Mpaka alasiri kikombe cha maji kilichowekwa mle kikawa baridi, na asubuhi kikawa na ngozi ya barafu. Mwanamkuu aliitoboa kwa kidole. Hakulia mbele ya fundi. Alitia udhu akasali rakaa mbili, hakuzirudia. Kisha akamwomba Sohail, kabla hajarudi Kilindoni, amfuate mahali pamoja amweleze mtu mmoja maneno yale yale.

Walikwenda baada ya sala ya Ijumaa, yeye, Haruni na fundi. Ghalib aliwapokea sebuleni, akaagiza kahawa. Alikuwa amezeeka kwa miaka ile miwili. Sohail alieleza. Ghalib alimuuliza kama ana hakika, kisha akamuuliza tena lile lile. Sohail alijibu kwamba jambo hili si la kukisia, apewe pima maji na gari lirudishwe pale pale, atamwonyesha. Kahawa ya Ghalib ilipoa mkononi.

"Basi, Shemeji," alisema hatimaye. "Nimesikia. Hukuzima gesi."

Mwanamkuu alitazama mlango wa barazani.

"Yaishe," Ghalib akaongeza. "Rudi nyumbani, chumba chako kipo. Nitawaambia watu wakuite kupika kama zamani."

"Hukunishtaki sebuleni, Shemeji. Ulinishtaki barazani."

"Unataka nisimame niseme nimemuua mama yangu?"

"Nataka useme mimi sikumuua. Lako wewe utajuana na Mola wako."

"Watu watauliza, kama si wewe, ni nani."

"Watauliza."

Ghalib alitazama mlangoni, kule barazani, ambako wazee wawili walikuwa wameketi wakizungumza habari za bei ya nazi. Ilikuwa ni hatua nne tu. Haruni alikohoa. Ghalib aliweka kikombe chini, akasema alasiri inakaribia, na kwamba ana mtu wa kumwona shambani. Akatokea mlango wa nyuma.

Mwanamkuu anauza juisi na barafu hadi leo, na watoto wa shule wanamjua kwa jina zuri. Ramadhani iliyopita Ghalib alimletea gunia la mchele, akalirudisha likiwa limefungwa. Alimwendea Sheikh Abubakari pia, akamweleza habari ya pima maji, na Sheikh alisema Mungu anajua kweli yake, asubiri. Anasubiri. Lakini Mungu alikuwa anajua tangu mwanzo. Waliohitaji kuambiwa ni watu.

Anayedaiwa ni Ghalib bin Seif. Anadaiwa kusimama kwenye baraza ile, mchana, mbele ya waliokuwapo siku ya arobaini, na kusema kwa kinywa chake kwamba Mwanamkuu alikula yamini ya kweli, na kwamba gari lilisukumwa mteremkoni kwa amri yake yeye. Sheikh Abubakari naye anadaiwa, maana ndiye aliyeshika msahafu na kunyamaza. Hawajalipa.